Utunzaji wa Miguu, Ngozi na Nywele Nyumbani

Mtu akishikwa na homa, jamaa zake humpeleka upesi zahanati. Akivunjika mguu, hubebwa kwa machela hata usiku. Lakini akiwa na funza vidoleni, au upele mikononi, au mapunye kichwani, husemwa, "Hayo ni mambo madogo, yatapona yenyewe," au hufichwa kwa haya. Ni kweli kwamba maradhi haya hayaui kwa siku moja. Lakini humtoa mtoto shuleni, humzuia mkulima asifike shambani, na huwanyima usingizi watu wa nyumba nzima. Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Leo twataka kueleza mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya kwa maji, sabuni, mafuta na ufagio. Tena twataka kuonya juu ya mambo ambayo hayafai kufanywa nyumbani kabisa. Tutakaa zaidi juu ya miguu, maana huko ndiko taabu iliko kubwa.

I. MIGUU

Funza ni nani, naye alitoka wapi?

Mdudu huyu wengine humwita funza, wengine humwita tekenya. Jina la pili lamfaa sana, kwa kuwa dalili yake ya kwanza ni mtekenyo katika kidole cha mguu. Ni wa jamii ya viroboto, naye ni mdogo sana. Urefu wake ni kama milimita 1 tu. Hawezi kuruka juu sana, na kwa hiyo hushika zaidi vidole vya miguu, kando ya kucha, na visigino. Lakini mtu alalaye au akaaye chini hushikwa hata mikononi, viwikoni na matakoni.

Katika sehemu nyingi watu husema kwamba funza ni laana ya ukoo, au uchawi wa jirani, au alama ya mtu mvivu. Basi na tuitazame tarehe yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka 1872 merikebu iliyotoka Brazil ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, nayo ilichukua mchanga wa kuipa uzito. Ndani ya mchanga ule alikuwamo funza. Toka hapo alisafiri pamoja na misafara, katika mizigo na katika miguu ya wapagazi, akavuka bara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekwisha fika pande hizi za mashariki. Wazee wetu walioishi kabla ya hapo hawakumjua. Mgeni aliyeingia kwa njia ijulikanayo aweza kutolewa kwa njia ijulikanayo, wala hapana haja ya kumtafuta mchawi.

Maisha yake

Funza jike huchimba ngozi akaingia, kichwa kikiwa ndani na sehemu ya nyuma ikibaki nje kidogo. Humo hunywa damu. Katika muda wa juma moja hivi tumbo lake hujaa mayai, akavimba hata akawa kama punje ya njegere. Hapo huonekana doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Nukta ile ndiyo sehemu yake ya nyuma, ambayo kwayo hupumua na kutoa mayai. Hutoa mayai kwa mamia, nayo huanguka chini. Baada ya majuma machache hufa humo humo ndani ya ngozi.

Mayai yakianguka katika vumbi kavu la sakafu ya udongo, mahali penye kivuli, huanguliwa baada ya siku chache yakawa mabuu. Mabuu hujifunika kwa vumbi, na yapata majuma 3 au 4 tangu mayai kuanguka hutoka funza wapya, tayari kuingia katika miguu.

Msomaji ayafikiri sana maneno hayo, maana ndiyo msingi wa somo hili. Funza mmoja aonekanaye mguuni amekwisha acha wengi sakafuni. Mtu atibuye mguu akaiacha sakafu ni kama mtu atekaye maji kwa pakacha. Na mtu afagiaye leo akaacha kesho hajafanya kitu, kwa kuwa wale waliomo vumbini wataendelea kutoka kwa muda wa mwezi mzima.

Madhara yake

Funza mmoja akitolewa mapema hana madhara makubwa. Lakini wakiwa makumi katika mguu mmoja, ngozi hupasuka, usaha huingia, kucha hung'oka, na mtu hutembea kwa visigino au hashiki njia kabisa. Katika vidonda hivyo vyaweza kuingia vijidudu vya pepopunda, ugonjwa uuao. Tena iko hatari nyingine itokayo katika mikono yetu wenyewe. Ni desturi katika nyumba nyingi kutumia pini moja, au mwiba mmoja, kuwatoa funza watoto wote, mmoja baada ya mwingine. Damu ya mtu mmoja huingia katika jeraha la mwingine, na kwa njia hiyo UKIMWI na homa ya ini huweza kuambukizwa. Desturi hiyo na ikome.

Tiba

Dawa ifaayo sana kwa siku hizi ni mafuta mepesi yaitwayo dimetikoni. Mafuta haya hayana sumu ya kuua kwa ukali. Huingia katika tundu la funza, yakamziba pumzi, naye hufa bila mtu kuchomwa pini. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya juu ya watoto, na kutangazwa mwaka 2014, mguu mmoja wa kila mtoto ulitiwa dimetikoni, na mguu wa pili uliloweshwa katika dawa ya zambarau iitwayo pamanganeti. Baada ya siku 7, katika kila funza 100 waliotiwa dimetikoni kadiri ya 78 hawakuonyesha tena dalili ya uhai. Katika mguu wa pili walikuwa kadiri ya 39 tu. Walimu na wakubwa wa vijiji wafanye vema kuuliza katika zahanati yao kama dawa hii yapatikana.

Ikiwa haipatikani, mgonjwa aende zahanati akatolewe funza na mtu ajuaye. Sindano iwe ya mtu mmoja tu. Funza atolewe mzima bila kupasuliwa ndani ya ngozi, kisha atiwe motoni, wala asitupwe uani pamoja na mayai yake. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kitiwe dawa na kufungwa kitambaa safi. Na mgonjwa aulizwe kama amechanjwa chanjo ya pepopunda.

Pamanganeti yenyewe isipimwe kwa kukisia. Ikizidi huunguza ngozi. Vivyo hivyo twaonya juu ya mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, na dawa za kuulia wadudu wa mashamba. Watu wametumia vitu hivi kwa sababu ya kukata tamaa, wakazidisha vidonda, na dawa za mashamba zaweza kupita katika ngozi zikamdhuru mtu mwili mzima.

Sakafu na wanyama

Sakafu ya saruji hampi funza mahali pa kuzaa. Lakini asiye na saruji asikate tamaa. Nyufa zizibwe kwa udongo mfinyanzi, sakafu ipondwe ikazwe na kulainishwa, na ikipasuka itengenezwe tena. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji ili vumbi lisiruke. Fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya vitanda, na taka zitiwe motoni. Matandiko yaanikwe juani. Watoto wasilale juu ya udongo mtupu. Kitanda cha kamba chatosha.

Funza huingia pia katika nguruwe, mbwa, paka na panya. Mifugo ilale katika zizi lake, mbali na chumba cha watoto, na nguruwe wasizurure uani. Tena kiatu kinachofunika mguu ni kinga kubwa kuliko ndara.

Mtoto na mzee

Hapa twataka kusema neno na walimu. Tuseme katika darasa lako yuko mtoto aketiye nyuma, hachezi mpira, huchelewa kila siku, na akisimama huinua kidole gumba kisiguse chini. Wenzake humcheka. Siku moja haji, na kesho yake haji. Mwalimu huandika "mtoro." Mtoto huyu hakutoroka, ameshindwa kutembea, na tena ameona haya. Mwalimu akimwaibisha mbele ya wenziwe, atampoteza kabisa. Afadhali darasa zima lioshe miguu siku moja kwa juma, mwalimu naye akiosha yake, ili asijulikane nani mgonjwa na nani mzima. Kisha amwite mtoto kwa faragha, na kwenda kwao kuitazama sakafu.

Na wakubwa wa vijiji twawaomba watafute nyumba za watu wasioweza kujisaidia. Mzee akaaye peke yake hawezi kuinama akafikia vidole vyake, wala macho yake hayaoni nukta nyeusi. Kipofu, kilema, na yatima waliolelewa na bibi yao wako katika hali hiyo hiyo. Watu hawa ndio waonekanao na funza wengi, na ndio wasemwao kuwa wavivu. Kumtoza faini mtu asiyeweza kuinama hakuondoi hata funza mmoja. Vijana 4 wenye maji, sabuni, udongo na ufagio waweza kuitengeneza nyumba yake kwa siku moja, na kurudi kila juma kwa muda wa miezi 2.

Magaga, ukungu na ganzi

Magaga, yaani mipasuko ya visigino, hutokea kwa ukavu. Kila jioni loweka miguu katika maji ya uvuguvugu muda wa dakika 10 au 15, sugua pole pole kwa jiwe la kusugulia, kausha, kisha paka mafuta mazito, na ukiweza vaa soksi usiku. Usikate ngozi kwa wembe. 

Ngozi ikiwa nyeupe na kulowana katikati ya vidole, ikiwasha na kunuka, huo ni ukungu. Kausha vizuri kila baada ya kuoga, anika viatu, badili soksi, na utake dawa ya ukungu dukani au zahanati.

Lakini mguu usiosikia maumivu ni jambo zito. Mwenye kisukari aitazame miguu yake kila siku, juu na chini, akitumia kioo au macho ya mtoto wake. Asitembee bila viatu, na maji ya kuoshea ayapime kwa kiwiko. Na mtu yeyote aonaye baka lisilo na hisi, lililo jeupe kidogo au jekundu kuliko ngozi yake, aende hospitali upesi, maana huenda ikawa ukoma. Ukoma hupona kabisa kwa dawa, na dawa yake hutolewa bure. Wakawiao ndio wapatao ulemavu.

II. NGOZI

Ngozi yataka mambo matatu: kuoshwa, kukaushwa, na kupakwa mafuta. Osha kwa sabuni ya kawaida, suuza sabuni yote itoke, kausha hasa kwapani na katika mikunjo, kisha paka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Kila mtu awe na taulo yake.

Upele

Upele huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana vema kwa macho, achimbaye njia katika ngozi na kutaga mayai. Dalili zake ni mwasho unaozidi usiku, na vipele katikati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Mtu ashikwaye mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 mpaka 6 kabla ya kuwashwa, na katika muda huo huambukiza wengine bila kujua. Hiyo ndiyo sababu ya sharti kubwa la tiba ya upele: watu wote wa nyumba watibiwe siku moja, hata wasiojikuna. Baba akikataa kwa kusema, "Mimi sina," upele utarudi kwa watoto kutoka kwake.

Dawa ni ya kupaka, kama vile ile ya maji meupe iitwayo BBE, au pemethirini, au marhamu ya kibiriti. Hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayo, na katikati ya vidole na chini ya kucha pia, wala si juu ya vipele peke yake. Kwa watoto wachanga muulizeni mganga kwanza, maana kipimo chao na namna ya kuwapaka ni mbali na ya wakubwa. Siku ile ile nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichoweza kufuliwa kifungwe katika mfuko kwa siku 3 au zaidi, kwa sababu mdudu yule akikosa mwili wa mtu hufa katika muda huo. Mwasho waweza kubaki majuma 2 au zaidi baada ya tiba. Watu wasiharakishe kurudia dawa kila siku, maana yenyewe nayo huwasha. Vipele vikiwa na usaha, nendeni zahanati, kwa kuwa vidonda vya namna hiyo huweza kudhuru hata figo.

Mafuta ya kujichubua

Mengi ya mafuta yauzwayo ili kubadili rangi ya ngozi yana zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za hospitali zilizofichwa. Zebaki hupita katika ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki, lakini bado huonekana masokoni. Rangi ya ngozi yetu ndiyo mwavuli wake dhidi ya jua. Atakaye kuuvua ajue atabaki bila mwavuli.

Na wenzetu wenye ualbino walizaliwa bila mwavuli huo. Jua huwapatia saratani ya ngozi wangali vijana. Mwalimu amruhusu mtoto huyo kuvaa kofia pana na mikono mirefu, amketishe mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu, wala asimpe kazi ya shamba wakati wa adhuhuri. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilianzishwa chuo cha kufundisha utabibu wa ngozi mwaka 1992, na huko yalitengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu hawa. Wazazi waulize hospitali ya wilaya namna ya kupata mafuta ya jinsi hiyo.

III. NYWELE

Chawa wa kichwani hashiki watu wachafu peke yao. Hupita toka kichwa mpaka kichwa watoto wachezapo pamoja. Mayai yake hugandamana na unywele karibu na ngozi, nayo huanguliwa baada ya siku 7 mpaka 10. Kwa hiyo kuchana mara moja hakutoshi. Lowesha nywele, zitie mafuta, zichane kwa kitana chenye meno ya karibu, na urudie kila baada ya siku 3 kwa muda wa majuma 2 au zaidi. Msipake mafuta ya taa kichwani; watoto wameungua vibaya kwa sababu yake karibu na jiko. Na nyumba zote zenye watoto wachezao pamoja zifanye kazi hiyo wakati mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mapunye ni mabaka ya duara kichwani, yenye magamba na nywele zilizokatika. Huletwa na ukungu uliomo ndani ya shina la unywele, na kwa hiyo mafuta ya kupaka peke yake hayafiki. Hutakiwa vidonge kutoka kwa mganga kwa muda wa majuma kadhaa, wala visiachwe mara mabaka yaanzapo kufifia. Vitana, kofia na mashine za kunyolea visishirikiwe. Kinyozi asafishe mashine yake kwa dawa kati ya mtu na mtu, na wembe uwe wa mtu mmoja tu.

Kwa akina mama na mabinti, neno ni moja: msuko ukiuma, umekazwa kupita kiasi. Nywele zivutwazo siku zote hung'oka kwenye paji na juu ya masikio, na hali hiyo ikiendelea miaka mingi mizizi hufa, nywele zisiote tena. Legeza msuko, pumzisha kichwa baada ya kufumua, na usimsuke mtoto mdogo hata ngozi ikavutika.

DESTURI ZA NYUMBA

Kila jioni: osheni miguu kwa sabuni, kausheni katikati ya vidole, na mkubwa aitazame ya watoto kwenye mwanga.
Kila asubuhi: nyunyizeni maji na kufagia mpaka pembeni.
Kila juma: anikeni matandiko, kateni kucha, tazameni vichwa vya watoto, zibeni nyufa za sakafu.
Kila mwezi: mpitieni jirani asiyejiweza.

MASWALI KWA WALIMU NA WANAFUNZI

1. Kwa nini haitoshi kutibu mguu bila kutengeneza sakafu?
2. Pini moja kwa watoto wengi yaleta hatari gani?
3. Kwa nini nyumba nzima hutibiwa upele siku moja?
4. Kwa nini mapunye hayaponi kwa mafuta ya kupaka peke yake?
5. Taja nyumba moja kijijini kwenu ihitajiyo msaada, na useme wanafunzi waweza kuifanyia nini Jumamosi hii.

Swali la 5 lisijibiwe kwa sauti darasani, ili mwenye nyumba asiaibishwe. Lijibiwe kwa ufagio.